Vibao Vitatu vya Sitini na Mbili

Makaburi matatu yalikuwa yamenyofolewa vibao vyake.

Katekista Adrian ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anakagua makaburi ya parokia pale Ilula, maana ilikuwa wiki ya kuelekea Siku ya Marehemu Wote, wiki ambayo kila familia hufyeka majani, hufagia na kupaka chokaa. Alipofika safu ya juu, wanapolala watu waliokuwa na jina, akasimama. Kaburi la Marcelino, mkimbiaji aliyewahi kurudi kwao na medali ya taifa shingoni, lilikuwa na tundu la mraba pale kichwani. La Lusia, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa Ilula, lilikuwa hivyo hivyo. La Sosthenes Kalinga, diwani aliyeleta maji ya bomba, hivyo hivyo.

Vibao vya marumaru vilikuwa vimeondoka. Makaburi mengine yote yalikuwa salama.

Inspekta Anyitike alifika na Koplo Rabson kabla umande haujakauka. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Tukuyu, aliyehamishiwa kituo cha Ilula mwaka uliopita. Hakuwa mtu wa haraka. Alizunguka eneo la tukio mara ya kwanza mikono ikiwa nyuma, bila kugusa kitu. Mara ya pili akachuchumaa kwenye kila kaburi.

Nje ya ukuta watu walikwisha kujaa. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeuliza nani kaiba. Walikuwa wananong'ona jambo lingine.

"Wanasema nini hao?" Anyitike aliuliza.

Rabson alijikuna shingo. Yeye alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, na maneno ya mji alikuwa nayo yote.

"Wanasema sitini na mbili imerudi, afande."

Akamweleza. Marcelino alikufa akiwa na miaka sitini na mbili. Baada ya miezi kadhaa akafa Lusia, sitini na mbili. Kisha diwani Sosthenes, sitini na mbili. Vibao vyote vilikuwa vimeandikwa jina na umri, basi. Siku moja wanakwaya walipokuwa wanatoka kuzika mtu, mmoja akasoma vile vibao kimoja baada ya kingine, kwa sauti. Tangu hapo ikawa neno la mji kwamba mtu mkubwa wa Ilula hapiti umri huo.

"Na wewe unaamini?"

"Mimi si mkubwa, afande. Nikifika huko itanipita tu, haitajua hata nimepanga nyumba gani."

Anyitike alitabasamu, akarudi kwenye makaburi. Kwa Marcelino na kwa Lusia, mwizi alikuwa amepiga tindo kwa papara. Saruji ilikuwa imepasuka ovyo na vipande vilikuwa vimetapakaa. Kwa Sosthenes kazi ilikuwa nyingine. Saruji ilikatwa kwa kufuata ukingo, vipande vikakusanywa pembeni, na kopo la maua lilikuwa limerudishwa katikati, palepale linapokaa siku zote. Halafu juu ya kaburi, kutoka kichwani hadi miguuni, kulikuwa na mistari myembamba ya ufagio.

"Rabson, umewahi kuona mwizi anafagia?"

"Hata nyumbani kwangu sifagii, sembuse kwa watu."

Karibu na lango, kwenye udongo laini, kulikuwa na alama za miguu minne ya tenga la mbao, zimezama sana. Pembeni yake kulikuwa na nyasi kavu na nyanya moja iliyopondeka. Rabson alisema nyanya si ushahidi, kwa kuwa Ilula nzima inanuka nyanya, hata padre ananuka nyanya. Anyitike alimwambia apige picha hata hivyo, na apime kina cha zile alama.

Walichukua maelezo ya familia zote tatu. Watoto wa Marcelino walikuwa na hasira. Watoto wa Lusia walikuwa na hofu. Walitaka kujua kama padre anaweza kuja kubariki upya. Wote walisema siku iliyotangulia makaburini kulikuwa na watu wengi wakisafisha, wengine na majembe, wengine na mafagio, na hapakuwa na mgeni hata mmoja.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane wa diwani.

Faustina aliwapokea uani. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mfanyabiashara wa nyanya aliyejulikana barabara nzima. Alikuwa na kaka yake, Bartholomeo, mwalimu wa kwaya ya parokia, mwenye sauti ambayo watu walikuwa wakiifuata kutoka vigango vya mbali. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba huku mkono mmoja umeshika tumbo chini ya kitovu, kama mtu anayezuia mlango usifunguke.

"Shikamoo mama. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kamwene," alisema Faustina, akimalizia kwa salamu ya Kihehe, akaleta viti.

Anyitike aliuliza yale ya kawaida. Faustina alijibu kwa kifupi. Ndiyo, alikwenda kusafisha kaburi. Hapana, hakuona mtu wa ajabu. Ndiyo, aliumia sana.

Anyitike akageukia tumbo la mwalimu. Ni ngiri, Faustina alijibu kwa niaba yake, na hapo kifupi kikaisha. Daktari ameshasema ipasuliwe sasa. Ngiri imekua, inaweza kubana utumbo siku yoyote, na ikibana wakati gari halipo, hakuna tena mwalimu. Kitanda kiko, daktari yuko, mtu ndiye hataki.

"Sikukataa," Bartholomeo alisema kwa upole. "Nimesema nitakwenda nikiimaliza hii sitini na mbili. Niliingia humo baada ya Pasaka. Marcelino aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, mwanangu, anataniana na manesi. Alitoka amebebwa. Sitaki kwenda kujipeleka."

"Marcelino alikuwa na ugonjwa wa moyo, kaka. Wewe una ngiri."

"Lusia naye alikuwa na moyo? Mumeo je?"

Faustina alinyamaza. Anyitike aliona jinsi alivyonyamaza: mdomo ulikuwa umeshafunguka, na neno lilikuwepo, akalirudisha.

Basi inspekta akajifanya hana haraka, jambo ambalo halikumpa taabu. Alimwomba mwalimu amsimulie kidogo habari za marehemu diwani, kwa sababu yeye alikuja Ilula hajamkuta. Bartholomeo alichangamka. Alisema shemeji yake alikuwa mtu mnyoofu, hakupenda uongo mkutanoni, ila walikuwa na ugomvi mmoja usioisha, ugomvi wa shikamoo.

"Alinizidi miaka miwili, akataka nimwamkie. Mimi nikamwambia, shemeji, tumekaa dawati moja, nimekuazima kalamu, leo nikupe shikamoo? Mpaka anakufa sikumpa hata moja." Alicheka, kisha akajishika tumbo. "Ila kweli alikuwa ametutangulia mwili. Darasa la nne mwenzetu ananyoa ndevu. Mwalimu akiingia darasani alikuwa nusura amsalimie. Na kabla ya shule, sisi wadogo tunachunga mbuzi hapa hapa nyuma ya nyumba, yeye yuko na ng'ombe, na wale vijana wakubwa, wanakwenda hadi mtoni wanarudi jioni."

"Mtoto wa kuzidi miaka miwili tu anakabidhiwa ng'ombe?" Anyitike aliuliza.

"Ndiyo hapo sasa. Tuliona kapendelewa."

Faustina aliinuka akaenda kukoroga chungu jikoni. Kutoka alipoketi, Anyitike alikiona vizuri kile chungu. Kilikuwa chini, hakijainjikwa.

Walipotoka, Rabson alitaka kwenda kuhoji mganga mmoja wa kule juu. Inspekta alimtuma barabarani, kwa vijana wanaopakia matenga ya nyanya kwenye malori. Rabson alirudi anacheka. Vijana walikuwa wanakumbuka vizuri sana. Jana Mama Faustina alileta matenga yake kwa toyo, ile pikipiki ya matairi matatu, na tenga moja lilikuwa limekataa kunyanyuka. Walimtania kama nyanya zake msimu huu zinameza chuma. Yeye akawaambia wakiliangusha, wasimwite mama tena. Lori lilikwenda Mbeya, soko la Mwanjelwa, na mama mwenyewe alipanda.

"Alirudi lini?"

"Leo asubuhi. Ila ameshapeleka mzigo mwingine leo hii hii, afande, mara tu tulipotoka kwake. Na yeye kapanda tena."

Anyitike alimpigia simu mkuu wa upelelezi wa Mbeya kumweleza kwamba anaingia eneo lake, akawasha gari. Njiani Rabson aliongea hadi akachoka. Igawa walisimama kunywa chai na kununua mchele, kwa sababu hakuna Mnyakyusa, alisema Rabson, anayepita Igawa mikono mitupu hata akiwa anamfukuza muuaji. Anyitike alimwambia anyamaze na abebe gunia.

Nyuma ya soko la Mwanjelwa kulikuwa na banda la fundi Benjamini, mchonga vibao vya makaburi. Alikuwa mweupe kwa vumbi la marumaru kuanzia nyusi hadi ndala. Alipoona kitambulisho cha polisi aliweka tindo chini.

"Mama mmoja kutoka Ilula," Anyitike alisema.

"Yupo. Atapita kuchukua mzigo wake akimaliza kuuza."

"Alikuletea nini?"

Benjamini alifunua kona ya banda. Vibao viwili vilikuwa vimeegemezwa ukutani, vimeoshwa, vimefungwa khanga kama watoto wachanga. Marcelino. Lusia. Havikuwa vimeguswa. Cha tatu kilikuwa juu ya meza, kimegeuzwa. Upande wa zamani ulikuwa chini, na upande wa nyuma, uliokuwa mtupu miaka yote, ulikuwa umesuguliwa na kuchongwa upya. Jina lilikuwa lile lile. Umri haukuwa ule.

Miaka 67.

"Alisema familia ilikosea," Benjamini alieleza. "Mimi nikafanya. Wanakosea wengi, mama. Hivi viwili alisema nivitunze tu, visipigwe na jua."

Anyitike alivuta stuli, akakaa mbele ya kile kibao, akasubiri.

Faustina aliingia akiwa na tenga tupu kichwani. Aliona sare ya Rabson kwanza, kisha inspekta, kisha meza. Alishusha tenga taratibu, akalikalia.

"Kumbe mmewahi," alisema.

Anyitike alimpa onyo kama sheria inavyotaka: halazimiki kusema lolote, ila atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Faustina akasema aandike tu, ameshachoka kulibeba.

"Vibao vyote vitatu uling'oa wewe?"

"Mimi."

"Mchana?"

"Mchana kweupe. Nina ufagio, nina jembe, nina tenga la kubebea majani. Nani atamuuliza mjane anafanya nini makaburini wiki hii? Walikuwa wananipa pole. Walipokwisha kuondoka ndipo nikapiga tindo."

"Kwa nini vitatu?"

"Ningechukua kimoja cha mume wangu, mngekuja kwangu siku hiyo hiyo."

"Tumekuja siku hiyo hiyo."

Faustina aliangalia chini, na kona ya mdomo ikacheka kidogo. "Kitu gani kilinisema?"

"Ufagio. Wenzake uliwaachia vifusi. Yeye ulimfagilia."

"Haya. Ningemwachaje vile, mwanangu? Uchafu wote ule juu ya kifua chake."

"Umri wa kweli ni upi?"

"Huo unaouona mezani."

Alisimulia polepole, na Rabson aliandika. Sosthenes alichelewa kuanza shule kwa sababu ya ng'ombe wa baba yake. Alipokwenda kujiandikisha akaambiwa ni mkubwa mno. Mzee wake akampunguza miaka mitano palepale mlangoni, akamwambia ainame kidogo, na mwalimu akakubali. Miaka hiyo mitano haikurudi. Alisoma nayo, akaajiriwa nayo, akagombea udiwani nayo. Alimwambia mkewe peke yake, siku walipofunga ndoa, kwa sababu hakutaka aolewe na mtu asiyemjua.

"Alipofariki wakaniuliza umri. Kanisa limejaa, mkuu wa wilaya amekaa mbele. Niseme diwani wenu aliyekuwa anawafundisha kusema kweli alidanganya toka darasa la kwanza? Nikasema ule wa kwenye karatasi. Ulisomwa, ukachongwa. Nikaona yamekwisha."

"Hayakwisha."

"Hayakwisha. Wakaja na hiyo sitini na mbili yao. Na mwaka huu kaka yangu akaingia humo. Nilimwambia, mwanangu. Nilimwambia ukweli jikoni, peke yetu. Akacheka. Akasema, Faustina, ulisimama mbele ya altare ukasema sitini na mbili, ukalipia jiwe likaandikwa sitini na mbili, leo unanipunja ili nikapasuliwe. Akasema yeye anaamini jiwe. Basi nikaona nilete jiwe. Nirudishe yote siku ya marehemu, kabla ya misa, asome mwenyewe. Nilijua watu watauliza. Ningesema mafundi walikosea."

"Bado ungekuwa unadanganya."

"Ndiyo," Faustina alisema. "Hilo nililiona njiani, huko Igawa. Nikalala nalo."

Anyitike alimwashiria Rabson afunge daftari. Alisema vile vibao sasa ni vielelezo na vinarudi Ilula na gari la polisi, na yeye pia. Ila alimuuliza jambo moja zaidi, ambalo Rabson hakuliandika. Je, yuko tayari kumwambia kaka yake tena, safari hii siyo jikoni?

Siku ya Marehemu Wote makaburi ya Ilula yalikuwa meupe kwa chokaa. Kabla ya misa familia tatu ziliitwa safu ya juu. Padre alikuwepo, katekista Adrian alikuwepo, na nusu ya mji ilijifanya inapita tu. Bartholomeo alikuja akiwa ameegemea fimbo, na alikuwa amekonda kuliko wiki iliyopita.

Vibao vilikuwa vimelazwa juu ya makaburi yake. Faustina alisimama mbele ya cha mumewe. Hakuzungusha. Aliwaambia ni yeye aliyeng'oa, akawaomba msamaha watoto wa Marcelino na wa Lusia, kisha akasema alichokidanganya kanisani na kwa nini. Upepo ulikuwa unachezea vitambaa vya kinamama.

Halafu katekista Adrian akakohoa. Akasema kama ni siku ya kusema, basi na yeye aseme. Umri wa Lusia hakuna aliyeujua. Watoto wake siku ya mazishi walisema tu mama alikuwa rika moja na Marcelino, na yeye akamwambia fundi aandike kama cha Marcelino.

"Kwa hiyo aliyekufa na sitini na mbili ni baba yetu peke yake?" aliuliza binti wa Marcelino.

"Peke yake, mama."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikapita safu nzima kama maji ya bomba yanaporudi baada ya siku nyingi.

Bartholomeo hakucheka. Alikuwa anamtazama dada yake, ambaye alikuwa amesimama kati ya polisi wawili, mbele ya watu wote aliokuwa akiwaogopa.

"Mwalimu," Anyitike alisema, "wewe uliniambia alikuwa ananyoa ndevu darasa la nne."

"Nilisema."

"Na alikuwa na ng'ombe wakati wewe una mbuzi."

Yule mzee alifikiri. Ilionekana usoni jinsi alivyokuwa anarudi huko nyuma, kwenye dawati, kwenye malisho, anawapima wale vijana wakubwa upya, mmoja mmoja. Kisha akainama kwa shida, akaweka kidole kwenye zile namba mbili, akazifuata mchoro wake, sita, saba.

"Kwa hiyo hakunizidi miwili," alisema. "Alinizidi saba."

"Saba, kaka."

"Miaka yote ile nimemnyima."

Kuhusu kesi, watoto wa Marcelino walisema wao wanataka kibao kirudi na saruji mpya, gharama kwa mama, na yaishe. Watoto wa Lusia wakasema vivyo hivyo, wakauliza kama kweli mama yao huenda alifika sabini, wakaonekana kufurahi. Anyitike aliwaambia maombi yao ataambatisha kwenye jalada, na mwendesha mashtaka ndiye atakayeamua. Hadi hapo Faustina ana dhamana. Rabson alijitolea kuwa mdhamini, mradi asibebeshwe tenga.

Lakini Bartholomeo alikuwa bado ameinama. Alijisaidia kwa fimbo akanyooka, akakung'uta chokaa magotini.

"Faustina, misa ikiisha niandalie begi. Shuka lile zito. Hospitali kuna baridi." Aligeukia kaburi, akavua kofia. Alisita, kama mtu anayelipa kitu mbele ya waliokuwa wanasubiri kukiona kikilipwa. "Shikamoo, shemeji."

Faustina alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akamjibia mumewe.

"Marahaba."